Jamani, Dima! Nimeigusa, Nimeizungusha na Sitaki Kuiachia

Rafiki yangu, acha unachofanya, vuta kiti, nikusimulie! Nimetoka Kajjansi, nje kidogo ya Kampala, sasa hivi, vumbi la Barabara ya Entebbe bado liko kwenye viatu, na vidole vyangu bado vinajizungusha vyenyewe hewani, kulia, kushoto, kulia tena. Nimeigusa dima ya dashibodi ya ndege ya kujiundia! Ndiyo, kile kitufe kidogo, cheusi, cha mviringo, cha kupandisha na kushusha mwanga wa vyombo mbele ya rubani. Najua utaniuliza injini, utaniuliza mabawa, utaniuliza rangi. Injini nzuri, mabawa mazuri, rangi bado haijapakwa. Haya, tumemaliza. Sasa turudi kwenye kitufe!

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, ya aluminiamu, ile inayokuja kwa vipande ndani ya masanduku halafu mwenyewe unapiga riveti moja moja mpaka inapata umbo. Mwenye nayo hataki jina lake litajwe, ila ameniruhusu nikae kwenye kiti chake, nishike kila kitu, nizungushe kila kinachozunguka. Jua la saa nane lilikuwa linawaka kweli kweli, kwa hiyo fundi wake wa umeme, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, akafunika kioo chote cha juu kwa turubai nene akanifungia humo. Giza totoro. Joto. Harufu ya mpira mpya na risasi ya kulehemu. Nikasikia sauti yake kutoka nje: "Haya mwanangu, washa betri. Sasa zungusha. Polepole!"

Nikazungusha.

Loo! Mwanzoni hakuna kitu, kabisa, nikadhani betri imekufa. Halafu, taratibu mno, dira ikajitokeza gizani. Halafu kipimo cha mwendo. Halafu altimita, halafu vipimo vya mafuta na joto la injini, halafu majina madogo madogo yaliyochongwa chini ya swichi, vyote pamoja, vyote kwa kiasi kimoja, hakuna kilichotangulia na hakuna kilichobaki nyuma, mwanga ukapanda kama mkaa wa jiko unaopepewa na mtu asiye na haraka. Mwanga laini, mtulivu, wa rangi ya asali, usiochoma jicho hata chembe. Nikaurudisha chini. Nikaupandisha. Nikaurudisha tena. Yule mzee akagonga bodi ya ndege akauliza kama nimelala. Sikulala, mzee wangu, nilikuwa nimenogewa!

Na kitufe chenyewe mkononi, we! Si kile cha plastiki chepesi kinacholegea ukikigusa. Kina uzito. Kina ukinzani kidogo, kile cha kupendeza, kinachokuambia kuwa kitakaa pale pale ulipokiacha hata ndege ikitikisika namna gani. Pembeni kina vijimistari vya kushikia, hata mkono ukiwa na jasho hautelezi. Ndani yake mna kifaa ambacho mafundi redio wetu wa mitaani wanakiita volyumu, ila hiki kimechaguliwa kwa akili sana. Robo ya kwanza ya mzunguko, kule chini kabisa karibu na giza, imenyooshwa ikawa pana, pana mno! Unaweza kuchagua kati ya mwanga hafifu na mwanga hafifu zaidi na ule hafifu ambao hata ukimwambia mtu kuwa taa imewaka hatakuamini. Na huko ndiko rubani wa usiku anakoishi. Jicho letu halipimi mwanga kwa mstari ulionyooka, ukiongeza umeme kidogo tu kutoka gizani jicho linaona umeongeza mwingi. Kitufe cha kawaida kingekupitisha hapo kwa mruko mmoja, pwaa, umeshapofuka. Hiki kinakuacha utembee.

Na bado!

Mzee akaniambia nitoe simu, niwashe kamera, niielekeze kwenye zile taa zikiwa zimeshushwa. Nikatoa. Jamani! Kwa macho yangu naona mwanga umetulia tuli, lakini kwenye kioo cha simu mistari myeusi inatembea juu ya dashibodi, inapanda, inapanda, haikomi! Kumbe taa hizi za LED hazipunguziwi nguvu hata kidogo. Zinawashwa na kuzimwa, kuwashwa na kuzimwa, mamia ya mara kwa kila sekunde moja, na ukizungusha kitufe unachobadilisha ni muda gani ziwe zimewaka na muda gani ziwe zimezima. Jicho haliwezi kufuatilia, linachanganya vyote na kuona mwanga mdogo. Kamera ndiyo inayoumbua siri. Niliduwaa. Nilikaa pale na simu yangu nikitazama mistari ile, hata nikasahau kuwa kuna joto.

Lazima nikueleze kwa nini hili ni tamu hivyo, vumilia kidogo. Zamani ndege zilitumia balbu za waya, na dima yake ilikuwa riostati, waya mrefu uliozungushwa juu ya kigae, unaokula umeme usiohitajika na kuugeuza joto. Ilifanya kazi, sikatai, na balbu ikishushwa ilikuwa na wekundu mzuri wa kizamani. Lakini ilichemka nyuma ya dashibodi! Sasa ukichukua taa za LED, zile za mkanda ambazo hata maduka ya simu mjini yanazibandika kwenye kabati, ukazipunguzia volti tu, zinakufanyia kiburi. Mkanda wa volti 12 hauwaki kabisa mpaka ufike volti 7 au 8 hivi, halafu unajitokeza ghafla, halafu safari yote ya giza mpaka mwanga kamili inabanwa kwenye volti chache za juu. Nusu ya kitufe haifanyi lolote na nusu nyingine inafanya kila kitu kwa pupa. Ndiyo maana mbinu ile ya kuwasha na kuzima inapendeza sana kwa LED. Na kwa ile balbu ndogo moja iliyobaki ndani ya dira, ambayo haijali mambo haya, mzee ameweka regulata ya LM317, kile kipande cheusi cha miguu mitatu ambacho mafundi wamekitumia tangu miaka ya 1970, kimefungwa kwenye bati la aluminiamu ili lipoze joto lake. Cha zamani na kipya, bega kwa bega, chini ya kitufe kimoja!

Tatizo la mbinu ya kuwasha na kuzima, nami nilikuwa nimelisikia, ni kelele. Umeme unaokatwakatwa namna ile unaweza kupiga mluzi mwembamba wa kuudhi ndani ya hedifoni, iiiiii, unaobadilika sauti kila ukizungusha. Kwa hiyo nikamwomba mzee hedifoni. Nikavaa. Nikawasha redio. Nikazungusha kutoka chini mpaka juu na masikio yangu yote mawili yakiwa wima.

Kimya!

Kimya safi, kimya cha kuaminika, ule mvumo wa kawaida wa redio tu basi. Nikamuuliza amefanyaje, akafungua kifuniko cha pembeni akanimulikia kwa tochi. Rafiki, nilichokiona humo ningeweza kukitazama mpaka jioni! Waya mwembamba mweupe unaopeleka umeme kwenye taa na waya wa kuurudisha zimesokotwa pamoja, msokoto mmoja baada ya mwingine, safi, sawasawa, kuanzia kwenye kisanduku cha dima mpaka kwenye kila taa, kwa hiyo kelele ya mmoja inafutwa na ya mwenzake. Na waya zote za kurudishia, za taa, za redio, za vyombo, hazikufungwa hovyo kwenye bodi ya ndege popote palipo karibu. Zote zinarudi nyumbani, kwenye bamba moja la shaba lililofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na rubani. Sehemu moja tu! Hapo ndipo kimya kile kinapotoka.

Waya zenyewe, tafadhali uzione. Nyembamba kuliko ulivyotarajia, nyeupe, laini, zinateleza kidoleni, na kila moja ina kijikaratasi chenye namba kila mwisho. Hizi zimeagizwa nje, ni waya za ndege hasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kampala ina Kisekka, soko la vipuri ambalo ukikosa kitu pale labda hakijatengenezwa bado. Ina Katwe, ambako ukichora bati kwenye karatasi asubuhi, mchana unalipata limekatwa na kukunjwa. Lile bamba la kushikilia kitufe limekatwa Katwe na ni zuri ajabu, pembe zimelainishwa mpaka unataka kulipapasa! Mabano, skrubu, bati la kupozea joto, yote yanapatikana mjini. Ila waya wa gari usiuingize kwenye ndege. Ganda lake la plastiki likiungua linatoa moshi mzito wenye sumu, na ndani ya ndege ya viti viwili huna pa kuukimbilia. Waya wa ndege una ganda linalostahimili joto kali na halitoi moshi wa namna ile. Subiri mzigo ufike. Subiri tu.

Halafu zile ncha! Mzee halehemu ncha za waya, anazibana kwa koleo lake maalumu, krak, sauti moja kavu, halafu anateremsha mpira mwembamba juu yake, anaupitishia hewa ya moto, na mpira unasinyaa, unakumbatia waya, unatulia. Nikaomba nijaribu. Krak! Akaniambia, "Vuta." Nikavuta kwa adabu. "Vuta, mwanangu, unaogopa nini?" Nikavuta kwa nguvu zangu zote, uso ukanitoka jasho, ncha haikusogea. Akatabasamu akaichukua, akaiweka kwenye kopo pamoja na nyingine za mazoezi. Nilifurahi kupita kiasi.

Ngoja, sijakwambia la kioo! Nilipokuwa bado gizani, niliupandisha mwanga mpaka mwisho nikainua macho kutazama mbele. Nikaona nini? Nikaona dashibodi. Dashibodi nzima, altimita na dira na swichi zote, imejichora kwenye kioo cha mbele, kubwa, angavu, imeziba kila kitu. Usiku halisi ningekuwa natazama picha ya vyombo vyangu badala ya vilima. Nikashusha, nikashusha, nikashusha, na ile picha ikafifia ikatoweka, kioo kikawa wazi, huku vyombo mbele yangu bado vinasomeka namba kwa namba! Hapo mwili ulinisisimka, kwa sababu huku kwetu usiku hauingii polepole. Wenzetu wanaoruka huko mbali kaskazini wana machweo marefu ya kuvuta vuta. Sisi tuko nyuzi 0 na dakika 19 tu juu ya mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama karibu saa ile ile, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, na likishazama linakupa dakika 20 hivi, basi, pazia limeshuka. Ukiongeza wingu la Ziwa Victoria lililosimama upande wa magharibi, hata hizo 20 hupati. Rubani anayerudi amechelewa kidogo kutoka Mbarara au Kasese anahitaji dashibodi inayogeuka kutoka mchana hadi usiku kwa vidole viwili, bila kuinamisha kichwa, bila kupapasa.

Na macho yake ni mali ya kulindwa. Jicho linachukua karibu nusu saa kuzoea giza sawasawa, na taa kali ya sekunde chache inaharibu kazi yote hiyo. Tena Kampala yenyewe iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ukipanda zaidi hewa inazidi kuwa nyepesi, na uwezo wa kuona gizani ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupungua oksijeni ikipungua. Kila tone la mwanga usiohitajika linakugharimu. Wapo wanaopenda taa nyekundu kwa sababu hiyo, na nyekundu kweli inalitunza jicho. Lakini weka ramani chini ya taa nyekundu uone, mistari myekundu yote imepotea! Mimi napiga kura yangu kwa hii nyeupe ya asali iliyoshushwa chini kabisa. Siombi radhi.

Na bado! Nilimuuliza mzee swali la mtu mwoga: dima ikifa angani je? Hakunijibu kwa maneno. Aliingiza mkono pembeni, akachomoa fyuzi ya dima, tap, giza. Nikashtuka! Halafu akaniambia nipapase chini ya kitufe. Kuna swichi ndogo, ina kofia ndogo ya mpira, huwezi kuichanganya na nyingine hata ukiwa umefumba macho. Nikaibofya na taa zikarudi, kwa njia nyingine kabisa, kupitia fyuzi nyingine, zikiruka dima yote, kwa mwanga wa kati ambao yeye mwenyewe ameupima na kuufunga. Akanieleza pia, huku ameshika ile fyuzi kati ya vidole, kuwa kazi yake ni kuulinda waya usiungue, kwa hiyo ukubwa wa fyuzi unafuata unene wa waya. Taa ni LED, zinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo fyuzi ni ndogo na waya ni mwembamba na mzigo wote ni mwepesi. Na juu ya yote hayo, tochi ya kichwani inaning'inia kwenye mfuko wa mlango, kwa sababu mzee haamini kitu kimoja hata kikiwa kizuri namna gani. Napenda watu wa aina hiyo!

Kama kuna la kulalamikia, ni moja tu, nami nililisema pale pale: kitufe cha dima na kitufe cha sauti ya redio jirani yake vina umbo lile lile na ukubwa ule ule. Gizani mkono wangu ulikwenda kwenye redio zaidi ya ilivyopaswa. Mwenye ndege akakubali, atabadilisha kimoja kiwe na pembe. Basi, malalamiko yameisha.

Unajua kinachonifurahisha zaidi ya mwanga wenyewe? Ni kwamba jambo hili linafanyika hapa, kwa mikono ya hapa. Mji huu una uchu wa kuunda. Ni Ntinda hapa hapa ambako Chris Nsamba na vijana wake wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege yao uani kwa mama yake, habari ikasambaa duniani mwaka 2011, na mwaka huo huo Makerere wakaliendesha Kiira EV, gari lao la umeme. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini walijenga ndege ya Sling 4 kutoka kwenye masanduku na ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, kilomita 12,000 hivi, marubani wenyewe wakiwa bado vijana wadogo! Ndege za kujiundia za kampuni ya Van's ya Marekani peke yake zilizokwisha kuruka zinapita 10,000. Na kila mmoja wa watu hao, nakuhakikishia, kuna jioni alikaa mbele ya dashibodi yake mwenyewe akafikiria mwanga.

Ndege ya Kajjansi bado haijaruka. Ubavuni bado hakuna alama ya usajili wa Uganda, ile ya 5X, na kabla ya kuondoka ardhini lazima ipite mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, riveti kwa riveti na waya kwa waya. Watakapofungua kile kifuniko cha pembeni nitapenda kuziona nyuso zao!

Wewe sasa. Huna ndege? Usiwe na wasiwasi, hata mimi sina. Tafuta betri ya volti 12, hata ya boda boda, mkanda mfupi wa taa za LED, dima ndogo ya kuwasha na kuzima, fyuzi, na kitufe kizuri, kizito, usibanie pesa kwenye kitufe. Sokota waya zako, bana ncha, vuta kwa nguvu. Fanya mezani kwako usiku, zima taa zote za chumba, chukua simu uone mistari. Ukishindwa kuunganisha niite nije, nitakuja hata usiku wa manane. Na kama unajenga ndege, au unamjua anayejenga, mwambie asiiache dima iwe kazi ya mwisho ya kubandika mahali palipobaki nafasi. Aipangie mahali kabla hajatoboa tundu la kwanza kwenye dashibodi. Nenda ukaiguse wiki hii, halafu unipigie simu, kwa sababu sina mwingine wa kuzungumza naye jambo hili!